Misuli ya Mgongo

Mvulana mmoja alitumwa maji. Alipofika kisimani akajaza debe, kisha akainama, miguu yake imenyoka wima, akalinyakua kwa haraka ili ajitwike. Debe halikufika hata kifuani. Maumivu makali yalimshika kiunoni, maji yakamwagika, naye akarudi nyumbani amejipinda kama mzee wa miaka 80. Wenzake walidhani ya kuwa fupa limevunjika. Halikuvunjika, kilichoumia ni nyama za mgongo, na baada ya siku kadhaa zilipona. Lakini kwa nini ziliumia, hali mvulana yule alikuwa na nguvu, na debe ni lile lile alilozoea?

Katikati ya mgongo umesimama uti, nao si fupa moja. Ni pingili 24 zilizopangwa moja juu ya moja: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua, na 5 za kiuno. Chini yake ziko nyingine, ambazo kwa mtu mzima zimekwisha kuungana kati ya mifupa ya nyonga. Nguzo ya namna hii haiwezi kusimama peke yake. Mlingoti wa jahazi hushikwa kwa kamba, na kamba zikilegea mlingoti huyumba. Uti nao una kamba zake, ndiyo misuli.

Msuli hauna nguvu ila ya kuvuta, kusukuma hauwezi. Ukitaka kufanya kazi hujikaza ukawa mfupi, ukavuta fupa ulilolishika. Kwa hiyo kila msuli huhitaji mwenzake wa kuvuta upande wa pili, na wenzao wa misuli ya mgongo ni misuli ya tumbo.

Mwaka 1543 tabibu Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, alitoa kitabu kikubwa cha mwili wa mwanadamu. Katika picha zake mwili huvuliwa misuli tabaka kwa tabaka, kama mtu avuliwaye nguo, hata mifupa ikabaki mitupu. Mgongo hueleweka vizuri kwa njia hiyo.

Tabaka la juu huwa na misuli mipana. Miwili ya kwanza, mmoja kuume na mmoja kushoto, ikitazamwa pamoja ina umbo la kishada: huanza kisogoni, hushuka hata usawa wa mbavu za mwisho, na pembe zake hushika mabega. Hiyo ndiyo ipandishayo mabega mtu anapoulizwa neno asilolijua. Chini yake uko msuli mpana kupita yote, uanziao kiunoni, ukapanda kwa mshazari kupita chini ya kwapa, ukashika fupa la mkono wa juu. Huo ni msuli wa mpiga kasia, na wa mkwezi wa minazi, na wa mtu avutaye kamba ya kisima. Ni ajabu kwamba nyama ya mgongoni humtumikia mkono, lakini ndivyo ilivyo. Kuna na mingine ishikayo kombe la mkono lisiyumbe.

Ndani zaidi, karibu na mifupa, imelala misuli ya uti wenyewe. Mikubwa ni kama kamba nene kila upande, toka nyonga hata shingo. Mwanafunzi na aweke vidole kiunoni kando ya uti, kisha ajiinamishe mbele kidogo, ataisikia ikikaza. Kazi yake si kuinua mwili tu. Mtu anapoinama, misuli hiyo huuachia mwili kidogo kidogo, kama mtu ashushaye ndoo kisimani aachiavyo kamba. Lakini akiinama hata mwisho, misuli hii hunyamaza, na uzito wote huning'inia kwenye kano zifungazo pingili. Hapo ndipo mvulana yule alipoanzia kunyakua debe lake.

Tena kuna hesabu ya mizani. Misuli ya uti iko yapata sentimita 5 tu nyuma ya mahali pingili zinapoegemeana. Debe la maji lina kilo 18 hivi. Likishikwa sentimita 50 mbele ya mahali pale, umbali wake ni mara 10 ya umbali wa misuli. Basi misuli haina budi kuvuta mara 10 ya uzito wake, yaani kama kilo 180, na hapo uzito wa kichwa, kifua na mikono haujahesabiwa. Debe likivutwa karibu, sentimita 25, kilo 180 huwa 90. Mtu akichutama, akalikumbatia debe, kisha akainuka kwa magoti, kazi kubwa huichukua misuli ya mapaja na makalio, iliyo minene kuliko hii.

Debe likiisha kufika kichwani, liko juu ya nguzo yenyewe, wala halivuti mbele. Misuli hushika tu lisiyumbe, na mchukuzi aweza kwenda mwendo mrefu. Taabu iko katika kujitwika na kutua. Ndiyo sababu kisimani mwanamke aliyekwisha kujaza debe lake humngoja mwenzake, wakatwishana.