Mtoto Mkaidi, au Ana Shida?

Huenda nyumbani kwako yuko mtoto wa namna hii. Akisikia mashine ya kusaga uwele, huziba masikio na kulia. Akigusa mlenda, hutapika. Ukimwogesha, hupiga kelele kama anayechomwa moto.

Wengi husema, "Huyu ni mkaidi," wakachukua fimbo. Wengine husema amerogwa. Usimpige. Huenda ubongo wake unapokea sauti na mguso kwa nguvu kupita kiasi. Fimbo haiponyi shida hiyo. Humwongezea hofu.

Kwanza mpeleke zahanati. Mganga ampime masikio na macho. Usaha wa sikio humsumbua mtoto. Hata vikope, ugonjwa uliowatesa watu wengi wa Dodoma, humfanya aogope mwanga.

Kisha chukua daftari. Kwa siku saba andika:

1. Kitu gani kilimsumbua? Sauti, mguso, mwanga, chakula au kubembea?
2. Ilikuwa wapi, na saa ngapi?
3. Mtoto alifanya nini?
4. Kitu gani kilimtuliza?

Rudi zahanati na daftari hilo. Omba uelekezwe kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Yeye humpima mtoto kwa kumtazama akicheza, akila na akivaa nguo. Lakini atamwona kwa muda mfupi tu. Wewe unamwona kutwa. Maandishi yako yatamsaidia kuijua shida ya mtoto.

Kumbuka: umejifunza kuandika. Andika kwa ajili ya mtoto wako.