Mboga za kilimo hai: zinunuliwe lini?

Nembo kwanza. Muuzaji yeyote anaweza kuapa kuwa mchicha wake haujapigwa dawa. Nembo ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007, huonyesha kuwa uzalishaji umekaguliwa.

Pesa iende kwenye majani na ganda laini. Sukuma wiki, nyanya na pilipili hoho huliwa pamoja na sehemu iliyopuliziwa. Parachichi, nanasi na ndizi humenywa; za kawaida zinatosha.

Bajeti ikibana, mboga zisipunguzwe mezani. Kwa virutubisho, za kawaida hazipishani sana na za kilimo hai.

Kuosha. Mabaka meupe kwenye nyanya huenda ni mabaki ya dawa ya ukungu. Zisuguliwe kwa vidole chini ya maji yanayotiririka. Dawa iliyopenya ndani, hata hivyo, haitoki kwa maji.