SOMO LETU: LEBO YA HATARI INAYOBANDUKA



Katika stoo ya dawa ya shamba moja la chai tuliokota sakafuni lebo tatu za hatari, zimejikunja kama majani makavu. Madumu yake yalikuwa rafuni, meupe, hayasemi kitu. Asubuhi hiyo ndugu yetu mmoja alikuwa amejaza bomba lake la mgongoni dawa ya kuua magugu, akidhani ni mbolea ya maji. Harufu ndiyo iliyomshtua. Msimamizi alisema lebo ni mbovu. Tukachukua nyingine kutoka pakiti ileile, tukabandika kwenye kioo cha dirisha: ilishika hata kucha zikashindwa kuibandua.

Basi kosa halikuwa la lebo peke yake. Dondosha tone la maji juu ya kioo kisafi, litatandaa. Lidondoshe juu ya dumu la plastiki, litakaa duara kama shanga. Gundi nayo ni hivyo hivyo, isipotandaa haishiki. Madumu mengi ya dawa ni ya plastiki iitwayo polietilini, nayo huikataa gundi ya kawaida. Kiwandani tatizo huwa jingine: mafuta ya mashine, vumbi, au rangi mpya ambayo bado inatoa hewa na kuinua lebo kwa malengelenge.

Oshea sabuni na maji, suuza, kausha. Halafu pangusa kwa spiriti na kitambaa cheupe, na kabla haijakauka yenyewe ifute kwa kitambaa cha pili. Wengi wetu tumezoea mafuta ya taa. Hayo huondoa uchafu na kuacha utelezi, ni kazi bure. Ukishasafisha usiguse kwa vidole.

Saa pia ina maana. Kule milimani tulikuwa tukibandika alfajiri, kabla ya kazi, dumu likiwa na umande. Chini ya nyuzi 10 za joto gundi nyingi huwa ngumu. Bandika mchana, kivulini. Kata pembe za lebo ziwe za mviringo, maana pembe kali ndiyo huanza kuinuka. Anzia ukingo mmoja, kandamiza kwa kipande cha plastiki ngumu kutoka katikati kwenda nje, tena kwa nguvu. Usilioshe dumu hilo kwa siku moja, na ikiwezekana tatu.

Kwa polietilini usafi peke yake hautoshi. Iagizwe lebo yenye gundi iliyotengenezwa kwa plastiki hiyo. Viwanda vya madumu hupitisha moto juu ya plastiki ili ikubali gundi. Sisi tusithubutu, kwani dumu lenye mvuke wa dawa laweza kulipuka. Wakati wa kungojea, funga kibao kwa waya kwenye mkono wa dumu.

Gharama si yetu. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unamtaka mwajiri ahakikishe kemikali zote zina alama, na ikimiminwa katika chombo kingine, yaliyomo yajulikane.

Kwenye kikao tuliziweka zile lebo tatu mezani. Spiriti na vitambaa vilikubaliwa siku hiyo hiyo. Lebo za gundi ya polietilini bado tunazidai.