Somo: Kufuatilia Pampu ya Kisima kwa Intaneti

Gotu iko kando ya Mto Ewaso Nyiro, hapa Kaunti ya Isiolo. Mto unapopungua, watu na mifugo hutegemea visima virefu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, kaskazini mwa Kenya ilikosa mvua za kutosha kwa misimu 5 mfululizo. Wakati kama huo, pampu ikisimama hasara haiishii kwenye mashine. Mfugaji hufika na kukuta birika kavu, na mnyama aliyetembea siku 2 huenda asiweze kutembea siku ya 3.

Zamani habari za pampu kuharibika zilisubiri mtu wa kusafiri hadi mjini. Mradi wa Kenya RAPID, uliofadhiliwa na Marekani na Uswisi katika kaunti za Garissa, Isiolo, Marsabit, Turkana na Wajir, ulikuwa miongoni mwa miradi iliyotumia vihisi kufuatilia pampu za visima kutoka mbali. Somo hili linaeleza jinsi vifaa hivyo vinavyofanya kazi, na jinsi kamati ya maji inavyoweza kusoma taarifa zake.

Kifaa hufanyaje kazi?

Kihisi hufungwa kwenye waya unaopeleka umeme kwa pampu, uwe wa jenereta au wa sola. Hupima nguvu ya mkondo wa umeme na saa ambazo pampu imefanya kazi. Kisha taarifa hutumwa kupitia laini ya simu, au kupitia setilaiti mahali ambapo mtandao wa simu haufiki. Huhifadhiwa kwenye kompyuta iliyo mbali, na ofisa wa maji huzisoma kwa simu au kompyuta yake.

Jifunze alama 4

1. Umeme wa kawaida: pampu inafanya kazi. Hata hivyo, thibitisha kwamba maji yanafika tangini, kwa kuwa bomba linaweza kupasuka njiani.

2. Umeme umeshuka chini ya kawaida: huenda maji yamepungua kisimani na pampu inazunguka pakavu, au valvu imefungwa. Izimwe mapema kabla haijaungua.

3. Umeme umepanda juu ya kawaida: huenda mchanga umeikwamisha pampu, au mota ina hitilafu. Mwite fundi.

4. Sufuri: pampu imezimwa. Usikimbilie kusema imeharibika. Pengine tangi limejaa, au mvua imenyesha na wafugaji wamehamia kwenye mabwawa.

Kumbuka pia kwamba sufuri na kimya ni vitu viwili tofauti. Sufuri ni taarifa iliyofika. Kimya maana yake hakuna taarifa iliyofika: betri ya kihisi imeisha, mtandao umekatika au kifaa kimeng'olewa. Pampu yenyewe inaweza kuwa inatoa maji vizuri. Ndiyo sababu opereta wa kisima apigiwe simu kwanza kabla gari halijatumwa.

Hesabu ya kuchelewa

Tuseme pampu hutoa lita 6,000 kwa saa na hufanya kazi saa 8 kwa siku. Hiyo ni lita 48,000. Ng'ombe mmoja akinywa lita 40, maji hayo yanatosha ng'ombe 1,200 kwa siku, kabla ya kuhesabu matumizi ya nyumbani. Taarifa ikifika leo na fundi akafika baada ya siku 5, zimekosekana lita 240,000. Kihisi kimefupisha safari ya habari tu. Safari ya fundi bado ni ile ile, isipokuwa vipuri, mafuta ya gari na jina la mwenye zamu viwe tayari.

Kuwasha na kuzima kutoka mbali

Baadhi ya vidhibiti vya pampu za sola huruhusu mtu aliye mbali kuwasha na kuzima pampu. Faida yake ni kubwa, lakini hatari zipo. Fundi anayeshika nyaya au kuvuta mabomba kisimani anaweza kuumia mtu mwingine akiiwasha pampu kutoka mjini. Kwa hiyo fundi azime swichi kuu papo hapo kisimani, aifunge kwa kufuli na abaki na ufunguo mpaka kazi iishe.

Nywila iliyokuja na kifaa kutoka kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza. Isiandikwe ukutani wala kutumwa kwenye kikundi cha simu. Mfanyakazi akihama, nywila ibadilishwe tena.

Zoezi kwa kamati ya maji

Jadilini maswali haya katika mkutano wenu ujao na mwandike majibu kwenye daftari la kisima:

1. Taarifa za pampu yetu zinamfikia nani, na akiwa safarini nani anashika zamu?
2. Baada ya taarifa kufika, opereta anapigiwa simu ndani ya saa ngapi?
3. Ni vipuri gani vinapaswa kuwekwa karibu kabla ya kiangazi?
4. Nani anaruhusiwa kuwasha pampu kutoka mbali, na anamjulisha nani kwanza?

Swali lolote lisilo na jina la mtu kwenye jibu lake lirudiwe mpaka jina lipatikane.