SOMO LA ROBO HII: BAISKELI, KODIANI NA MASHINE YA KUFUMA



Vikundi vingi vya ufumaji hupata mashine lakini baadaye masweta hulala stoo. Tujifunze kwa Luciano Benetton wa Italia.

Alizaliwa mwaka 1935 katika eneo la Treviso. Baba yake alifariki mwaka 1945, naye akaacha shule akiwa kijana mdogo, akaajiriwa katika duka la nguo ili kuisaidia familia. Hapo dukani aliwasoma wateja: vijana walitaka rangi za kung'aa. Dada yake Giuliana alijua kufuma. Mwaka 1955 waliuza baiskeli na kodiani, wakanunua mashine ya kufuma. Giuliana alifuma, Luciano aliuza. Mwaka 1965 walianzisha kampuni pamoja na wadogo zao: Gilberto alishika fedha, Carlo alisimamia uzalishaji.

Somo la kwanza: walimjua mteja kabla ya kununua mashine, na walianza na walichokuwa nacho.

Somo la pili: kila mmoja alikuwa na kazi yake. Aliyefuma hakulazimika pia kushika fedha na kutafuta soko.

Somo la tatu: ilikuwa kawaida kutia nyuzi rangi kabla ya kufuma. Wao walifuma masweta yasiyotiwa rangi, wakayatia rangi baadaye, wakishaona wateja wanapenda ipi. Hivyo mali haikulala.

Somo la nne ni chungu. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliporomoka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Kampuni ya Benetton kwanza ilikana kuhusika, kisha ikakiri kwamba iliwahi kuagiza nguo katika kiwanda kimojawapo humo. Mwaka 2015 ndipo ilipotangaza mchango wa dola milioni 1.1 kwa mfuko wa fidia. Biashara ikikua, mwenye nayo huwa mbali na mikono inayomfanyia kazi. Asipofuatilia, hatajua wanafanya kazi katika hali gani.

Maswali ya kujadili:
1. Kikundi chetu kimeongea na wanunuzi wangapi kabla ya kuomba mashine?
2. Wanachama wenyewe wamechangia nini?
3. Nani anafuma, nani anauza, nani anatunza hesabu?
4. Sisi tunaonunua au kufadhili, tumekwenda lini kuona chumba wanamofanyia kazi?