KALKULATRISI INAYOCHORA: JE, PICHA NI HAKIKISHO?

Tukipata kalkulatrisi mkononi tunazidisha, tunagawanya, basi. Lakini TI-84 Plus, iliyotoka Marekani mwaka 2004, iko na programu ndani yake. Leo tushike moja tu: Transfrm, sababu inasaidia sana kwa somo la parabola.

Bonyezeni APPS, chagueni Transfrm, kisha butoni yoyote. Kwa Y= andikeni AX²+BX+C, halafu ZOOM namba 4. Mshale wa juu na wa chini unachagua herufi. Wa kushoto na wa kuume unaigeuza, na parabola inachorwa upya palepale.

Wekeni A=1 na C=1. Tunataka kugeuza B peke yake. Lakini ngojeni! Kabla ya kubonyeza, kila mtu aandike kwenye karatasi parabola itakwenda wapi. Wengi watasema: itateleza kandokando tu. Sasa jaribuni. Kumbe inateleza na kushuka pia! Andikeni ncha yake: kwa B=0 ni (0, 1); kwa B=2 ni (-1, 0); kwa B=-2 ni (1, 0); kwa B=4 ni (-2, -3). Unganisheni zile nukta: zinafanya parabola nyingine iliyopinduka, y = 1 - x². Sababu ni nini? Ncha iko pahali x = -B/2; tieni hiyo ndani ya ekwasio, mtaona wenyewe. Asiye na mashini anaweza kufanya haya yote kwa karatasi ya miraba, ni kuchelewa kidogo tu.

Sasa neno zito. Kwa B=2 parabola inagusa mstari wa x. Wekeni 1,99: kwa kioo bado inagusa. Je, iko na jibu? Hapana! Delta ni 1,99² - 4, ndiyo -0,0399, chini ya sifuri. Ncha iko juu ya mstari kwa 0,009975, lakini kioo kina nukta 96 kwa 64 tu, hakiwezi kuonyesha nafasi ndogo vile. Ndiyo maana mwalimu anaomba delta hata kama picha iko mbele yenu.

Mkimaliza, rudieni APPS, Transfrm, chagueni Uninstall. Bila hiyo mashini inachora fonksio moja tu kwa mara moja, na mwenzenu atafikiri imeharibika.