Kufundisha Udhibiti Husishi wa Wadudu wa Mboga: Mfano wa Kantangaze

Mwalimu mwanafunzi anayefundisha somo la wadudu waharibifu mara nyingi huanza kwa kutaja dawa. Huko ni kuanzia mwisho. Udhibiti husishi maana yake ni kuunganisha njia mbalimbali, yaani usafi wa bustani, mzunguko wa mazao, mitego na kuwalinda wadudu rafiki, huku dawa ya sumu ikiachwa iwe njia ya mwisho. Mtoto hawezi kuuelewa mpango huo kwa kukariri. Hana budi kuuona.

Tuchukue mfano wa shule ya Lusahunga, wilayani Biharamulo, yenye matuta ya nyanya. Kantangaze ni nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini. Aliingia Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 alionekana Tanzania. Huenezwa kwa miche, matunda na makreti ya nyanya. Lusahunga iko kwenye barabara kuu iendayo Rusumo. Kwa hiyo wanafunzi wataelewa upesi jinsi mdudu anavyoweza kusafiri.

Hatua ya 1: Kuchunguza
Kila kikundi kichunguze mimea kumi na kuandika idadi ya majani yenye mabaka meupe. Kisha mwanafunzi ainue jani moja mbele ya mwanga, bila kulitazama jua. Ataweza kumwona kiwavi akila katikati ya ngozi mbili za jani. Hapo mwalimu aulize: "Dawa ikinyunyizwa juu ya jani, itamfikiaje huyu?" Tusiharakishe kujibu, watoto wajadiliane. Baadaye tuwaeleze kwamba kantangaze wa sehemu nyingi wamekuwa sugu kwa baadhi ya dawa.

Hatua ya 2: Kutenda
Wanafunzi wachume majani na matunda yaliyoshambuliwa, wayafunge ndani ya debe lenye mfuniko na kuliacha juani siku kadhaa, ndipo wayafukie. Yakitupwa kando ya tuta, viwavi wataendelea kukua. Wang'oe pia mnavu uliojiotea, kwa kuwa humhifadhi mdudu huyo. Msimu ufuatao wapande mchicha au kabichi mahali pa nyanya, wala si bilinganya au viazi mviringo, ambavyo ni jamaa ya nyanya.

Hatua ya 3: Kuweka kumbukumbu
Hesabu ya kila juma iandikwe kwenye chati ukutani. Hivyo darasa litajua kama kazi yao inafaa.

Tahadhari
Mwanafunzi asishike wala kunyunyiza sumu. Ikibidi mtu mzima aitumie, siku za kungoja kabla ya kuchuma, kama zilivyoandikwa kwenye chupa, zizingatiwe kikamilifu. Nyanya hizo huliwa na watoto hao hao.

Zoezi kwa mwalimu
Mpe mwanafunzi jani lenye ugonjwa asioujua. Akiuliza kwanza jina la dawa, rudia hatua ya 1. Akiligeuza na kulichunguza, endelea na somo linalofuata.